Mara ya Tano

...mara nne, si tano, nne tu, Thuwaiba anajihesabia kimoyomoyo huku kaishika gilasi ya maji mdomoni mwa Khairat, maana Khairat ana hina mbichi mikono yote miwili na hawezi kushika kitu, Ijumaa anaolewa, na anayemuoa ni Ayoub, Ayoub wa tumbo lake yeye Thuwaiba, na Wanu, mama wa bibi harusi, kasema tu kwa kucheka, "Mnyweshe mkweo, shoga, umzoee," na tivii inaendelea kama kila siku baada ya alasiri, tamthilia ile ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili, vijana wawili wanapendana na hawajui kama ni ndugu, anayejua ni mlezi peke yake, kikongwe wa watu, kila akitaka kusema anameza mate... "Mimi huyu bibi nshamchoka," Wanu anasema, anatunga asumini za vikuba vya kujipambia bila ya kutazama sindano, "kila siku kesho, kesho, na watu washaalikwa," na Nadra, binti wa jirani anayepaka hina, msichana wa chuo, hataki kuhukumu upesi, anasema, "Mtazame vizuri, Bi Wanu, uso wake hawauonyeshi, akitaka kusema tu kamera inashuka mikononi, aliyetunga hataki tumchukie, anataka tujiulize sisi tungefanyaje"... tungefanyaje, ndiyo, mtu angefanyaje, Wanu kalazwa hospitali na homa siku nne, mtoto wake wa miezi miwili, huyu huyu Khairat, hataki chupa, analia mpaka sauti inamkauka, na yeye wakati ule anamnyonyesha Ayoub, maziwa yanamlowesha kanga kwa kile kilio tu, akamweka kifuani, mara moja kila siku, zilizobaki akimpa maziwa ya kopo kwa kijiko, mara nne basi, na Wanu aliporudi maziwa yake yalikuwa yamekatika, akalia kama aliyefiwa, sasa nani angekuwa na moyo wa kumwambia mwanao kashiba kwangu, ilikuwa huruma, Mungu shahidi, huruma ile ikalala siku, ikalala mwaka, miaka ishirini na mbili imelala, mpaka Ayoub akarudi kutoka kazini Kiwengwa akasema mama nenda kaniposee Khairat, na ulimi ukawa mzito... alikwenda kwa shekhe, alisingizia kuna mwanamke fulani, shekhe akamwambia mara tano za kushiba, mtoto aachie mwenyewe, hapo ni ndugu na hakuna ndoa, na chini ya hapo, au ikiwa hakuna yakini, haiharamishi, alirudi njia nzima mwepesi, nne, nne... "Angesema mwanzo," Wanu anasema, "ingekuwa aibu ya siku moja, lakini mtu akinyamaza mpaka harusi, huyo hanyamazi kwa huruma tena, anajiogopea nafsi yake," na Nadra anasema labda, na kwenye tivii ile mikono ya kikongwe inakunja leso, inakunjua, na Thuwaiba anaichukia ile mikono... "Niongeze, mama," Khairat anasema, anamwita mama tangu posa, na kwa kusahau anauinua mkono, anakiviringishia vidole kidole cha Thuwaiba ili gilasi isimtikisikie, "We, utaniharibia maua," Nadra anamwambia, na hina imebaki kwenye kidole cha Thuwaiba, na kile kidole anakijua, hii picha anayo siku zote, ngumi ndogo ya mtoto imekikamata kidole chake chekundu cha hina, ananyonya na kumtazama, picha aliyokuwa akiipenda, akiitoa akiwa peke yake, na hajawahi kuiuliza, hina ya lini, siku zile nne nani angepaka hina na shoga yake yuko baina ya uhai na mauti, hina alipakwa siku ile aliyorudi Wanu, siku moja kabla ya Idd, kwa furaha, na ikawa nyekundu asubuhi ya Idd, Wanu kalala chumba cha pili, chupa imejaa ipo kando, mtoto kishaanza kuizoea, hapakuwa na haja, hapakuwa na dharura yoyote, alimkumbuka tu, alimtaka kifuani mara moja ya mwisho, na mtoto alinyonya akashiba, akaachia mwenyewe, akalala... tano. Hapana shaka iliyobaki ya kujifichia, ni tano, na huyu anayemnywesha ni mwanawe, na Ayoub ni kaka yake, wamechangia ziwa, na Ijumaa ni keshokutwa.

"Haya we Thuwaiba," Wanu anasema, macho kwenye tivii, kikongwe kafika mlangoni, "mbona kimya leo, aseme au asiseme?" Gilasi bado iko mdomoni mwa Khairat, na Khairat anakunywa kafumba macho. Thuwaiba anaogopa, hajapata kuogopa hivi, na anamsubiri amalize maji yake.

"Wanu," anasema, "punguza sauti ya tivii kidogo."