Koki ya Choo cha Terna

Nianze na harufu, maana ndiyo iliyonishinda. Si baridi, si theluji, si upepo wa fiodi, ule mkono mwembamba wa bahari, unaopasua midomo. Harufu! Jumapili ya kwanza ya Desemba nilifungua mlango wa Terna, boti ya tanga ya jirani yangu Eilert, nikaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza huku nimebeba mkebe wa dawa ya kuzuia maji yasigande. Ikanipanda puani. Khaa! Nilirudi nje mbio, nikainama ukingoni, nikatapika kahawa yangu yote majini.

Eilert alikuwa anaishi humo. Mzee wa miaka sabini na minne, mjane, aliyeuza nyumba baada ya mkewe kufariki. Terna ndiyo kitanda chake, jiko lake na choo chake. Katikati ya Novemba aliteleza gatini, akavunjika nyonga, gari la wagonjwa likamchukua vile vile alivyo. Chungu cha mchuzi wa samaki kilibaki jikoni, maziwa yakabaki mezani, na tangi la choo lilikuwa halijamwagwa. Nilijua yote hayo. Nilijua pia kwamba mtu aliyelala kwenye machela hawezi kuosha vyombo. Lakini pua haina huruma, na mimi, Borghild, tangu utoto ni mtu wa kinyaa. Boti yangu, Havella, naisugua kwa siki mpaka chini ya mbao za ngama, tumboni kabisa mwa boti, pale ambapo hakuna anayepaona ila mimi na Mungu.

Sisi wa bandari ya Ulvevik hatupandishi boti nchi kavu wakati wa baridi. Zinabaki majini, na kila boti ina jirani wa baridi, jina lake liko kwenye ubao wa klabu yetu ya boti. Mwenye boti akiwa mbali, jirani huyo, kuanzia Desemba, anakagua mambo manne kila Jumapili: kamba, theluji, pampu, na koki inayofunga njia ya maji ya bahari. Halafu anatia sahihi kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Hakuna anayekuja nyuma yake kuhakikisha. Kuingia boti ya mtu bila kuitwa, kwetu ni sawa na kumfunua mtu shuka amelala. Kwa hiyo sahihi ndiyo kila kitu, na anayesaini uongo anaondoka bandarini siku hiyo hiyo. Kupata nafasi nyingine pwani hii unasubiri miaka tisa.

Jirani wa baridi wa Terna alikuwa mimi.

Jioni ya Jumapili hiyo hiyo simu ikalia. Eilert, kutoka kituo cha kufanyia mazoezi ya nyonga mjini.

"Jirani! Terna yangu haijambo?"

"Inaelea."

"Ule mchuzi usiuonje, nilizidisha chumvi."

"Eilert, huo mchuzi sasa utakuwa na manyoya."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha sauti ikashuka. "Na koki ya choo? Umeifunga? Iko nyuma ya tangi, inabidi upige magoti uingize mkono mpaka begani. Ni mbaya, najua. Nisamehe. Niliondoka vibaya."

Nilikuwa nimekaa kwangu, kwenye mto safi, na kikombe safi mkononi. Nikafikiria lile tangi. Nikafikiria shavu langu limegusana nalo.

"Nimeifunga," nikasema.

"Lo, Borghild! Leo nitalala. Hiyo koki ilikuwa imenikaa kooni. Sina kingine, unajua. Wakinitoa huku nina boti hiyo tu ya kurudia."

"Lala, mzee wangu. Kila kitu kiko sawa."

Nilikusudia kwenda kesho yake. Kweli kabisa, nilikusudia. Nikajifunga skafu puani, nikapaka marhamu ya kikohozi chini ya pua, nikashuka. Kwenye mto wa kitanda kulikuwa na ukungu wa kijani. Maziwa yalikuwa yameganda na kutoa maji ya njano. Nikapita. Nikafungua mlango wa choo. Bakuli lilikuwa limejaa hadi mdomoni, na juu yake... aka, siwezi. Nilifunga mlango nikatoka, nikaapa kwamba hata nikilipwa dhahabu sirudi humo.

Basi nikaitunza Terna kwa nje. Na niliitunza, msiniseme! Nilitoa tanga lililokuwa limebaki mlingotini, nikalikunja. Nikaongeza kamba mbili omo, mbele, na mbili tezi, nyuma, nikazivisha mipira zisilike. Nikatandika turubai jipya. Theluji ikianguka, nilikuwa wa kwanza gatini na fagio, nikafagia ya Eilert kabla ya yangu. Mpaka Roald, mwenyekiti wetu, mtu asiyemsifu hata mamaye, akasimama akasema:

"Borghild, hii Terna haijawahi kupendeza hivi tangu ishushwe majini."

"Kazi ni kazi," nikamjibu.

"Yule mchafu hajui bahati aliyonayo."

Nikacheka naye. Nilisema, "Ungeingia ndani, Roald, ungekimbia mpaka kwenu." Tukacheka tena. Kisha nikaenda mlangoni nikatia sahihi: kamba, theluji, pampu, koki. Jumapili baada ya Jumapili. Mara ya kwanza mkono ulisita kidogo. Mara ya nne ulikuwa unakwenda wenyewe.

Januari ikaja na baridi ya nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Mto unamwaga maji matamu bandarini kwetu, yanaelea juu ya yale ya chumvi, na hayo ndiyo yanayoganda. Tulikuwa tunavunja barafu kuzunguka boti kwa makasia. Na mimi nilijua, kama kila mtu gatini anavyojua, kwamba koki ikiachwa wazi, kati ya bahari na chumba kuna bomba la mpira tu. Bomba lililojaa likiganda, hupasuka. Wala halivuji siku hiyo, kwa sababu barafu yenyewe imeziba. Linasubiri joto.

Eilert alipiga simu kila Jumapili. Alishajifunza kutembea na fremu ya kuegemea. Alishagombana na muuguzi. Alinitumia soksi alizofuma mwenyewe, mbovu mbovu, moja ndefu kuliko nyingine. Mwishoni aliuliza lile lile: koki? Nami nikajibu lile lile. Wiki ya tano akaacha kuuliza. Akasema, "Sikuulizi tena, jirani, nisije nikakuudhi."

Hapo ndipo ningesema. Mtu angeniambia, "Borghild, mwambie mzee umeshindwa, atafute mwingine," ningeweza hata kusema. Hakuna aliyeniambia, maana hakuna aliyejua.

Alhamisi ya mwisho ya Februari mvua ya vuguvugu ilinyesha kutwa. Ijumaa asubuhi nilitoka Havella na kikombe changu, nikatazama upande wa pili wa gati, na Terna ilikuwa imekaa chini. Ule mstari mwekundu unaoonyesha usawa wa maji haukuwepo. Ulikuwa umezama.

Nikatupa kikombe. Nikaruka, nikafungua mlango, nikashuka. Maji yalikuwa yananifika mapajani, ya baridi mpaka mifupa ikalia. Pampu ilikuwa inanguruma bila kutoa hata tone, imezibwa na makaratasi na uchafu. Na juu ya maji, Mungu wangu, kila kitu kilikuwa kinaelea. Chungu. Mto wa kijani. Na tangi lilikuwa limefunguka, kwa hiyo mnaelewa kilichokuwa kinaelea pamoja navyo. Kiliniganda kwenye suruali.

Watu husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nilikuwa nimezunguka tezi na omo majira yote ya baridi na fagio langu, na sasa nimefika ngamani.

Mlango wa choo ulikuwa wazi. Nilijua koki ilipo. Nyuma ya tangi, magoti, mkono mpaka begani. Ila sasa kupiga magoti maana yake ni kichwa kuingia ndani ya yale maji. Pumzi moja. Robo mzunguko wa mkono, basi, ingefungika. Nilivuta pumzi. Nikainama mpaka kidevu kikakaribia. Kitu kikaja polepole kikanigusa mdomo.

Nikapanda ngazi nikatoka.

Niliwapigia watu wa zimamoto wenye pampu kubwa. Wakasema dakika arobaini. Terna ilizama kwa dakika ishirini na tano. Nilisimama gatini nikipangusa mdomo kwa mkono wa koti, nikapangusa, nikapangusa, na mlingoti ukashuka taratibu mbele yangu mpaka ikabaki ncha na kikamba kimoja.

Jumatano wakaleta kreni. Watu wote wa klabu walikuja kusaidia, ndiyo desturi, na wake kwa waume wakapika chapati za maji kwenye banda, na jamu na jibini la kahawia juu. Terna ikapandishwa ikimwaga maji meusi pande zote. Watu walirudi nyuma wakiziba pua. Teksi ikasimama, Eilert akashuka na fremu yake, amekonda, amenyolewa vizuri. Hakuziba pua. Alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja kwenye ubavu wa boti, penye tope, akakiacha hapo.

Roald aliingia ndani na glavu na tochi. Akatoka uso umekunjamana.

"Bomba la choo limepasuka," akasema. "Na koki iko wazi. Wazi kabisa."

Roald akaenda mlangoni, akabandua ile karatasi, akarudi nayo.

"Borghild. Hapa pana sahihi yako. Imefungwa. Wiki kumi na mbili, imefungwa."

Nilifungua mdomo. Niliiona Havella nyuma ya bega lake, nyeupe, safi, imefungwa kwa kamba mpya.

"Niliifungua mimi," akasema Eilert.

Roald akageuka. "Wewe?"

"Jumatatu ile kabla haijazama. Walinipa ruhusa ya siku moja, nikaja kuchukua nguo. Haja ikanishika. Nikafungua, nikatumia, nikasahau."

"Na fremu hiyo? Ngazi ulishukaje?"

"Kwa makalio, mwenyekiti. Ulitaka nishuke kwa mabawa?"

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Ptuu! Choo kimejaa na bado anakitumia!" Basi wakaamini. Walikuwa wamekwisha kumwona mchafu, na mchafu haulizwi mara mbili. Roald akatikisa kichwa.

"Basi na bima ndiyo imekufa hivyo, Eilert. Umeifungua mwenyewe. Hii inakwenda kukatwakatwa."

"Imekufa," akasema Eilert. "Andika."

Walipotawanyika kwenda bandani nilimsogelea. "Kwa nini?"

Hakunitazama. Alikuwa anajaribu kupangusa tope kwenye herufi za jina la boti kwa kidole gumba.

"Wakikufukuza wewe, hii itaelea?" akasema. "Itaelea, Borghild?"

"Hapana."

"Basi." Akapangusa tena. "Kinyaa nakielewa. Hata mimi nisingeingia, ningekuwa na pa kwenda. Ila simu ulikuwa nayo. Ungesema tu, 'Mzee, unanichefua, siwezi.' Ningemtafuta mtu mwingine. Ningempigia magoti hata Roald."

Nilitaka kumshika bega. Koti lake lilikuwa limegusana na boti, lina ule weusi, linanuka. Mkono wangu ulianza kwenda. Ukasimama njiani.

Aliuona. Akasogeza fremu yake hatua moja mbali nami, ili nisipate tabu.

Dereva wa teksi alimtandikia gazeti kwenye kiti kabla ya kumruhusu aketi. Roald alikuja na sahani, chapati mbili, jibini limeyeyuka juu.

"Kula, Borghild. Wewe ulifanya kazi ya watu wawili mwaka huu, wote tumeona. Usijilaumu kwa uchafu wa mwenzio."

Nikasema asante. Nikala zote mbili.