Kitenzi cha Bruda Yohana

Homa ilishamtoka Mansuri, daktari kasema mapafu safi, lakini mzee mwenzangu kageukia ukutani anangoja kufa. Binti yake Hidaya akanipigia simu. Nikashuka mjini kwa bodaboda.

"Shikamoo baba. Uji hagusi."

"Marahaba. Niachie mimi."

Mansuri ni Mnyamwezi, mimi Mluguru. Watani toka enzi za babu zetu. Mtani ana ruhusa ya kukuchukulia kitu mchana kweupe, na huruhusiwi kununa. Ukikitaka, umfuate mwenyewe.

"Mnyamwezi mzima," nikamwambia, "babu zako walibeba pembe za ndovu hadi pwani, wewe mifupa yako tu imekushinda."

Akavuta shuka hadi masikioni.

Nikamkumbusha zahanati ya misheni kule juu, tulipolazwa vitanda jirani tungali wavulana. Baridi ya huko, uji uliganda tukautafuna kama muwa. Mgonjwa akianza kupata nafuu, Bruda Yohana aliandika kwa chaki juu ya kitanda chake: convalescit. Kilatini hicho. Mizizi yake nilikuja kuichimba mwenyewe ukubwani, kwenye kamusi iliyobakizwa na mchwa. Kitenzi ni convalescere. Ndani yake mna valere, kuwa na nguvu; ile sc ya katikati inasema nguvu ndiyo kwanza zinaanza. Hata kuagana, Warumi waliambiana vale, uwe na nguvu. Con ya mbele, kamusi inasema, hapo inatia mkazo tu. Bruda alishikilia kuwa ni "pamoja", basi hakuna aliyetoka wodini peke yake. Wawili wawili, tukiegemeana, hadi kijitoni na kurudi.

"Ulikuwa unanikanyaga," Mansuri akauambia ukuta.

"Miguu yako ilikuwa kila mahali."

Nikabeba redio yake, anayoipenda kuliko wajukuu, nikatoka nayo polepole. Nilipofika kwenye banda la kuku nikasikia kitanda kinalia.

"Mluguru mwizi. Rudisha."

"Ifuate."

Akatokea mlangoni, kashika fremu, miguu inatetemeka kama ya ndama. Hidaya akataka kumkimbilia. Nikamzuia kwa jicho. Mansuri akaachia fremu, akapiga hatua. Nikarudi nikampa bega.

"Tunaenda wapi?"

"Kijitoni."

"Hapa hakuna kijito, mzushi wewe."

"Basi bombani."

Tukaenda, redio kwapani, goti langu likilalamika kuliko yake yote mawili. Bombani akaegemea ukuta, akahema, akaitazama milima.

"Hidaya," akaita, "ule uji bado upo? Na huyu mwizi mtilie."