Televisheni ya Wodi ya Wazazi

Siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, wajumbe watatu wa kamati ya maendeleo ya kijiji cha Murusenga waliingia katika duka la Abdulrahmani, mjini Kasulu, wakiwa na matope mpaka magotini. Walikuwa wametoka upande wa Kitahana siku mbili kabla, juu ya lori la mahindi, na lori lilikwama mara tatu, maana ulikuwa mwaka wa mvua za El Niño na barabara ilikuwa imebaki jina. Abdulrahmani aliwapa maji ya kunawa miguu, akawapa viti, akamwomba mkewe Zuleha alete chai. Kisha akatoka nje kuwasha jenereta, kwa sababu mteja wa televisheni hauziwi maneno.

Televisheni zilikuwa nne. Tatu zilipangwa kwenye rafu kati ya magodoro na baiskeli. Ya nne, kubwa kama kabati la nguo, ilisimama sakafuni peke yake.

Mwenyekiti wa wajumbe aliitwa Bazilio, mtu wa sauti nzito na koti la suti alilolivaa hata shambani. Katibu alikuwa Kipriani, mwalimu mstaafu, aliyekuja na daftari ambalo tayari alikuwa amelipiga mistari: jina, inchi, bei, maoni. Wa tatu alikuwa Pelagia, mkulima, mwanamke pekee katika kamati. Yeye hakuwa na daftari. Alikuwa na mabati arobaini kichwani.

Mabati hayo ndiyo yaliyokuwa chanzo cha safari. Kila kaya ya Murusenga ilitoa maharage, yakauzwa kwa wanunuzi wa chakula cha kambi za wakimbizi, ili zipatikane fedha za kuezeka wodi ya wazazi. Kuta zilikuwa zimesimama tangu mwaka juzi, na ndani yake yaliota majani ambayo mbuzi waliyapenda sana. Lakini Bazilio alisikia kwamba kijiji kimoja cha Kasanda kina televisheni, na kwamba wageni wakubwa siku hizi wakifika mahali huangalia kwanza kama ipo. Kamati ikakaa. Ikakubaliana kwamba wodi huwafaa wanawake wachache kwa siku chache, ilhali televisheni inaweza kufundisha uzazi salama kijiji kizima kwa mpigo.

Pelagia peke yake alikataa. Binti yake, Kezia, alikuwa na mimba ya miezi sita. Mtoto wake wa kwanza Kezia alimpoteza njiani, akipelekwa kwa machela hospitali ya Kibondo, vilima vitano. Pelagia aliogopa, na aliwaambia wazi kwamba anaogopa. Kipriani akaandika kwenye muhtasari kwamba mjumbe ametoa maoni. Pelagia aliposhindwa kuzuia, aliomba na yeye aende Kasulu kuchagua. Alikuwa ameazimia kuipigania televisheni ndogo kuliko zote, ili chenji inunue mabati.

Abdulrahmani aliwasha ya kwanza, inchi kumi na nne, nyeusi na nyeupe, shilingi elfu tisini. Kioo kilichezacheza, kisha picha ikatulia. Ilikuwa barabara ya Murusenga, pale penye daraja la magogo, na wanaume wanne walikuwa wakiteremka na machela katika mvua.

"Mawimbi ya Dar es Salaam hayajafika huku kwetu," Abdulrahmani alieleza huku akipangusa kioo. "Kwa hiyo inashika cha karibu na mtu. Juzi walikuja watu wa Kagerankanda, ikashika Kagerankanda yao, wakaanza kugombana hapahapa dukani ng'ombe wa nani yule kwenye mahindi. Kila mteja huja na stesheni yake."

"Ni sawa tu," alisema Bazilio. "Ya Dar es Salaam ingetusaidia nini?"

Kipriani alirekebisha miwani. "Aliyelala ni Esteri, mke wa Manirambona."

"Siku zake zilikuwa zimekaribia," alisema Pelagia. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. "Ile kwenye blanketi ni damu au matope?"

"Hapo ndipo nyeusi na nyeupe inaposhindwa, mama," alisema Abdulrahmani. "Haitofautishi. Ngoja niwashe ya rangi."

Ya pili ilikuwa ya inchi ishirini na moja, laki mbili na elfu themanini. Ilikuwa damu. Wajumbe wawili waliegemea viti vyao wakaitazama, na Kipriani akaandika kwamba nyekundu yake inaelekea rangi ya chungwa. Abdulrahmani akakizungusha kitufe mpaka damu ikawa damu. Alikiri, kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara mwaminifu, kwamba kioo hicho kina tumbo, na kioo chenye tumbo huwapinda watu wa pembeni. Kweli, mbebaji wa mbele na wa nyuma walionekana wana matege.

Zuleha alifika na chai. Alisimama na sinia mkononi, akatazama. "Masikini, mwenzetu," alisema. "Kwani kwenu hakuna pa kujifungulia?"

"Papo," alijibu Bazilio. "Ila hapajaezekwa."

"Hapajaezekwa kwa nini?"

"Linashughulikiwa."

Ya tatu ilikuwa ya inchi ishirini na tisa, kioo bapa, laki sita na elfu tisini. Shemeji yake Abdulrahmani aliileta kutoka Dubai kwa meli, kisha kwa treni mpaka Kigoma. Hapa Esteri alionekana kama aliyelazwa juu ya kaunta ya duka. Midomo yake ilikuwa ikitaja jina la mtu. Jasho la wabebaji liliweza kutofautishwa na mvua. Tena ilikuwa na spika mbili, basi mguno wa Esteri ukawa unatoka kushoto na mvua inatoka kulia. Bazilio alihama kiti, akakaa pembeni, akasimama mlangoni, akachuchumaa. Kokote alikokwenda, Esteri alionekana vilevile.

Ile kubwa ya sakafuni, inchi arobaini na tatu, iliachwa na mzungu wa shirika fulani la kambini aliyekwenda kwao. Picha yake ilitupwa kwenye kioo kutoka ndani kwa taa tatu, na aliyekaa pembeni hakuona ila giza. Bazilio alivutiwa nayo kwa sababu hiyo, kwani kamati ingekaa katikati. Walijadili kwa muda kama mlango wa ofisi ya kijiji unaweza kupanuliwa. Mwishowe Kipriani alikumbuka kwamba fundi aliyejenga mlango ule alishakufa.

"Mzee Bazilio," alisema Pelagia, "mimi hata kwenye ile ndogo nilimtambua Esteri. Nilimtambua kwa mguu tu. Tuchukue ile, tuezeke wodi, na vitanda tupate."

"Mama Kezia, si wewe uliyeuliza kama ni damu au matope?" Bazilio alisema kwa upole. "Basi hiyo ndiyo tofauti ya laki sita."

"Basi ile ya katikati. Mabati bado yanapatikana."

"Yenye matege? Yule wa mbele ni mdogo wangu. Siwezi kumweka mdogo wangu ofisini akiwa na matege."

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini wahenga hawakupata kununua televisheni. Kura zilipigwa palepale, mbili kwa moja, ikashinda ile ya kioo bapa. Abdulrahmani alipunguza elfu tano na kuwapa kalenda yenye picha ya Makka, akasema waigeuze tu ukutani kama haiwafai. Pelagia bado alikuwa mbele ya kioo bapa. Aliuliza kama kuna namna ya kujua Esteri amefika. Hapo jenereta ikakohoa ikazima, na Abdulrahmani akaomba radhi kwamba petroli siku hizi ni shida.

Walifika nyumbani Ijumaa na televisheni imefungwa kwenye magodoro mawili. Mtoto wa Esteri alikuwa amezikwa jana yake. Bazilio alikwenda kutoa pole, akamshika Manirambona mkono kwa mikono yake miwili. "Tuliona kila kitu," alimwambia. "Vizuri kabisa. Pole sana." Manirambona alishukuru.

Televisheni iliwekwa katika ofisi ya kijiji juu ya meza ya mwenyekiti, na mwenyekiti akahamia stuli. Jenereta, iliyonunuliwa kwa salio la fedha za mabati, iliwashwa kila siku saa kumi alasiri hadi saa kumi na mbili. Ilishika barabara ileile, kuanzia daraja la magogo kupanda. Watu waliacha kupalilia mapema ili wapate nafasi. Waliwaona wenzao wakienda mnadani, wakamwona paroko akianguka na pikipiki, na mara mbili tatu kwa mwezi waliona machela. Siku ya machela ofisi ilijaa mpaka madirishani. Wanawake walilia, wanaume walitikisa vichwa, na wote walikubaliana kwamba picha ni safi.

Sasa Murusenga ilikuwa na desturi yake ya tangu zamani. Anayeiona machela ikipita, awe shambani au awe kwenye pombe, huacha alichoshika akatia bega mpaka mwisho wa kilima chake, na hapo watu wa kilima kingine hupokea. Aliyeiona akajifanya hakuiona hutozwa mtungi wa pombe ya ndizi, na jina lake hutajwa msibani. Kwa desturi hiyo watu arobaini waliweza kumfikisha mgonjwa Kibondo bila mtu mmoja kuchoka.

Katika mkutano wa Jumapili, baada ya ibada, aliyesimama kuuliza alikuwa Moses Nduwayezu, mume wa Kezia, ambaye wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili.

"Mwakeye," alisalimu, na mkutano ukaitika. "Mimi nauliza kidogo tu. Machela ya juzi, sisi tulioibeba tulikuwa wanne. Ni walewale wanne, kilima cha kwanza hata cha tano. Njiani hatukukuta mtu. Nafika hapa naambiwa watu mia na zaidi waliiona. Sasa hiyo pombe tunaitoza kwa nani?"

Lilikuwa swali zito. Wazee walinong'onezana. Wengine walikiri waziwazi kwamba kwa desturi wanadaiwa. Ndipo Mwalimu Kipriani aliposimama na kufafanua kwamba desturi inasema anayeiona machela *ikipita*, na kwa kuwa ofisini machela haikupita, bali ilionyeshwa, kuona kwa televisheni si kuona. Mkutano ulipumua. Bazilio alimshukuru katibu kwa elimu yake. Pelagia alisema kwamba yeye akiona ameona. Iliandikwa kwamba mjumbe ametoa maoni.

Kezia alishikwa na uchungu Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mapema, siku zake zikiwa bado. Pelagia hakuwa na habari. Alikuwa ofisini, kiti cha mbele, kwa sababu wajumbe walitakiwa kuhudhuria, na tuseme ukweli, kwa sababu macho hayana pazia, na tangu siku ya Esteri alikuwa hawezi kuiacha barabara ile bila mtu wa kuitazama. Saa kumi picha ilikuja. Machela ilikuwa imeshavuka daraja. Moses alikuwa mbele, na nyuma walikuwa wawili. Wa nne alikuwa amekaa kwenye tope ameshika kifundo cha mguu, na pembe yake ya machela ilikuwa ikining'inia.

Pelagia alimjua mwanawe kabla hajauona uso. Alisimama akawageukia watu.

"Jamani, ni Kezia," alisema. "Wako watatu. Twendeni. Ni hapo tu darajani, twendeni."

Watu walimhurumia sana. Wengine walitazama miguu yao. Mwanamume mmoja aliinuka nusu, akamtazama jirani yake, akaketi.

"Mama Kezia," alisema Bazilio kwa sauti ya chini, kama mtu azungumzaye na mgonjwa, "pole. Lakini kaa kidogo, unawakinga walio nyuma."

Pelagia alijifunga kanga kiunoni akatoka. Nafasi ya kiti chake haikukaa wazi; Kipriani aliisogelea, maana ilikuwa katikati. Kwa muda wa robo saa picha ilionyesha wanaume watatu wakijaribu kubeba kitu cha watu wanne. Halafu Pelagia aliingia upande wa kushoto, akikimbia, bila viatu. Ofisi nzima ilimpigia makofi. Alitia bega kwenye pembe ya mbele, machela ikanyooka, wakaanza kupanda.

"Mnaona?" alisema Bazilio. "Kwenye ile ndogo tusingemjua."

Walimtazama mpaka juu kabisa, jinsi shingo yake ilivyokaza, jinsi alivyokuwa akisema na binti yake bila kugeuka. Kisha machela ikapinda nyuma ya kilima, na kioo kikabaki na barabara, mvua na kuku mmoja.

Nyuma ya kilima, mahali ambapo televisheni haikushika, waliiweka machela chini. Pelagia alipiga magoti kwenye tope akampokea mjukuu kwa kanga yake. Mtoto alilia. Kezia hakusema kitu, na vilima vilikuwa bado vinne.

Ofisini watu walingoja. Manung'uniko yalianza madirishani, kwamba si haki kuonyeshwa jambo nusu. Mwenyekiti aliona ni kweli, akaitisha kikao cha dharura hapohapo. Kipriani alieleza kwamba ziko antena za mlingoti mrefu zinazoona nyuma ya vilima, na akapendekeza kila kaya ichangie kabla ya mavuno. Azimio lilipita bila kupingwa, kwani mjumbe ambaye angelipinga alikuwa na udhuru.