Rimu Zilizoingia Ndani Mno

Wendell aliagiza rimu mpya za magurudumu, pana kuliko za zamani, apate kurudi na gari lake la Jeep kwenye miamba ya milimani Moab, ambako hakukanyaga tangu amzike mkewe, Arlene. Matundu ya nati yalikaa sawasawa. Kipimo kingine hakukijali: rimu inaingia ndani kiasi gani kutoka pale inapofungwa.

Kukagua hilo ni kazi ya watu wawili, mmoja kwenye usukani na mwingine akichungulia chini. Zamani aliyekaa kwenye usukani alikuwa Arlene. Sasa Wendell alizungusha usukani, akashuka, akainama, akapanda tena, mpaka magoti yakamgomea. Ndipo akavuka barabara kumwita jirani yake Ardith, ambaye hakuwa amesemezana naye tangu mazishi.

"Kata kushoto mpaka mwisho," akamwambia Ardith alipoketi kwenye usukani, naye akainama kuchungulia.

"Inagusa?"

"Inakwaruza springi."

"Si ulipima, mzee wewe?"

"Nilipima upana tu. Mengine alikuwa akinikumbusha Arlene."

Ardith alichungulia dirishani, mikono ikiwa bado kwenye usukani. "Na huko milimani unakwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Haya, zirudishe hizi. Ukipata zinazofaa, niite nikushikie usukani."

Ardith alipoondoka, Wendell alifunga tena rimu za zamani. Alipotaka kuliingiza gari bandani, akakuta kiti cha dereva kimesogezwa mbele, kama alivyokuwa akikiacha Arlene. Akajibana hivyo hivyo, magoti yakigusa usukani, asikirudishe nyuma.