Maoni Juu ya Zamil Mnyonya Damu

Ukitaka kujua mwanamke anampenda mwanaume wa namna gani, usimuulize, atakudanganya. Mpe hadithi ya mapenzi, kaa pembeni, umsikilize anavyomsema mtu ambaye hayupo. Basi Chanika yetu ile, mwaka huo, mwenye simu na asiye na simu wote walikuwa na la kusema juu ya Zamil. Na Zamil, Mungu atunusuru, alikuwa mnyonya damu.

Hadithi yenyewe iliitwa Chukua Damu, Niachie Moyo. Ilirushwa kwenye kundi la wasap kila Jumanne na Ijumaa, na mwandishi wake alijiita Binti Kiza. Hakuna aliyemjua. Kundi lilikuwa na sheria moja tu, ya msimamizi wake, Flaviana msusi, mwanamke ambaye mdomo wake haujui likizo: asiyetoa maoni anatolewa. Ukisoma kimya kimya wewe ni mdoezi, na wadoezi hawatakiwi. Kwa hiyo watu walitoa maoni hata siku ambazo hawakuwa nayo, na asiye na maoni akilazimishwa kusema, jamani, anatia chumvi mpaka sufuria inapasuka.

"Zamil baba, njoo kwangu, nakupa shingo pande zote mbili," aliandika mmoja.

"Huyo Nasra anaringa nini?" akadakia mwingine, akimsema mpenzi wa Zamil. "Mwanaume kamsubiri miaka mia tatu! Wangu nikichelewa sokoni kidogo tu, keshampigia mwanamke mwingine."

Aliyempenda Zamil kuliko wote alikuwa Bi Somoe, mama wa watu, mzaliwa wa Pwani asiyeona maandishi madogo. Yeye alisomewa na binti yake, Raudha, fundi cherehani. Raudha akimaliza kusoma, Bi Somoe anaivuta simu mdomoni kama anataka kuila, anarekodi maoni yake kwa sauti: "Huyu mnyonya damu ana adabu bwana. Anapiga hodi, asipokaribishwa haingii. Nionyesheni mwanaume mwingine Chanika hii mwenye adabu hiyo. Mie angekuja kuposa kwangu, ningempa binti yangu leo leo."

Raudha alikuwa akitia uzi kwenye sindano, kichwa chini, masikio yanawaka moto. Maana Binti Kiza alikuwa ni yeye. Alikuwa akimsomea mama yake maneno aliyoyaandika mwenyewe, na mama anasifu, na yeye anaitikia "kweli mama" kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa.

Na Zamil naye hakushuka mbinguni. Nyuma ya uwanja wa mpira, kwenye nyumba ya matofali isiyopigwa plasta, alikaa Albano, Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago. Raudha alimpelekea meza ya cherehani iliyovunjika mguu. Siku aliyokwenda kuichukua alimkuta gogo limemwangukia, mgongo umechanika chini ya bega, damu inamtoka na hana mtu wa kumfunga. Akachana kitambaa alichokuwa nacho, akamvua shati, akamfunga. Ndivyo walivyoanza. Chai ikafuata, na maongezi, na kucheka, hadi siku moja Albano akamuuliza bila kuzunguka, "Raudha, nimtume mjomba wangu kwenu?"

Raudha akasema, "Subiri kidogo."

Kidogo hicho kikawa miezi. Bi Somoe alikwishasema, tena si mara moja, kwamba Mmakonde asiyeswali akivuka kizingiti chake, atavuka juu ya maiti yake. Hata salamu ya Albano njiani alikuwa haiitikii, anajifanya anatazama mbuzi wa watu. Raudha alimpenda yule mwanaume na alimwogopa yule mama, na kati ya mapenzi na woga akapata njia ya tatu: akaandika. Mnyonya damu haulizwi dini wala kabila, wala mjomba wake hatoki Newala. Akamvika Zamil macho mekundu ya Albano, ambayo ni vumbi la mbao tu. Akampa viganja vyake vyekundu, kwa sababu Albano alichonga sana mninga, na mninga mbichi ukiukata unatoa utomvu mwekundu unaoganda mikononi hata uuoshe vipi. Akampa nyumba isiyo na plasta na madirisha yaliyozibwa magunia. Yale magunia Albano aliyaweka kwa heshima ya majirani, vumbi lisiwaingie kwenye nguo walizoanika! Akampa na usingizi wa mchana wa mtu anayeamka alfajiri kufanya kazi kabla ya jua. Na kovu lile la chini ya bega, akampa.

Alidhani anaficha. Kumbe alikuwa anachora ramani.

Ikawa binti mmoja, Clara, akaanguka bombani na ndoo yake. Zahanati wakasema ana upungufu wa damu, wakampa vidonge, wakamwambia ale mchicha na maini. Mama yake, Kokushubila muuza ndizi, alirudi nyumbani akili haijakaa sawa, akaandika kwenye kundi: "Mwanangu kaambiwa damu hana. Damu ya mtoto wa miaka kumi na tano imeenda wapi?"

Mama mwenye uchungu huuliza lolote, hana kosa. Kosa lilikuwa la Flaviana.

"Mie nauliza tu jamani, msininukuu," akaandika. "Clara si ndiye anayeokotaga vipande vya mbao kule kwa yule Mmakonde? Mikono myekundu. Macho mekundu. Nyumba haina plasta, magunia dirishani, mchana haonekani. Hii hadithi tunayosoma ni hadithi kweli, au kuna mtu anatuonya?"

Basi! Kundi lililokuwa likichekacheka likavaa sura nyingine. Na sheria ni ile ile, asiyetoa maoni anatolewa, kwa hiyo kila mmoja akaleta lake. Wa kwanza alimsikia Albano akiimba peke yake. Wa pili alipoteza kuku. Wa tatu alisema tangu Mmakonde ahamie, yeye kichwa hakiachi kumgonga. Raudha akasoma yote. Halafu akasikia, pale pale ukumbini, mama yake akiivuta simu mdomoni: "Wazee wetu walituambia habari za mumiani, sie tukaona ni mambo ya kale. Haya, yako hapa. Mie yule mtu moyo wangu ulimkataa tangu zamani."

"Mama, usiseme hivyo," Raudha akasema.

"Kwa nini nisiseme? Unamjua wewe?"

Hapo ndipo Raudha angesema, na hakusema. Akaingia chumbani, akaandika kwa jina la Binti Kiza: "Ndugu wasomaji, hadithi hii nimeitunga kichwani mwangu. Zamil hayupo. Msimhusishe na mtu yeyote."

Majibu yakamiminika kabla hajaiweka simu chini. "Mwandishi keshatishwa huyo." "Mwacheni, keshang'atwa. Hamkumbuki Nasra alivyong'atwa? Alisema maneno haya haya." "Kiza dada, kama huwezi kuongea, tuma nukta tu tutajua." Na kweli, yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kwamba aliyeng'atwa humtetea aliyemng'ata. Kila alichojibu kilimzamisha Albano zaidi. Akazima simu, akalia kwa hasira, hasira ya kujitia kitanzi kwa kamba aliyoisuka mwenyewe.

Jumapili baada ya alasiri, mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Kasimiri, akaita kikao uani kwake. Wanawake walikaa kwenye mikeka, wanaume walisimama. Vijana wa bodaboda walikuja na dumu la petroli, wakaliweka chini karibu na ukuta kana kwamba wamelisahau. Kila mtu aliliona na hakuna aliyeuliza. Albano alisimama katikati, kavaa shati lake safi la kanisani, viganja vimegeuzwa ndani.

"Kijana," Mzee Kasimiri akasema, "watu wana wasiwasi. Wanataka uhame leo. Una neno?"

"Shikamoo mzee. Mie mchonga vinyago. Mikono hii ni mninga, mje muone magogo. Huyo mtoto alikuja kuokota kuni mchana, na wenzake. Sina lingine."

"Magogo!" Flaviana akasimama na simu yake. "Mzee, sie hatumwonei mtu. Hapa pameandikwa Zamil ana kovu lililopinda chini ya bega la kulia. Avue shati. Kama hana, mie mwenyewe nitampikia pilau."

Watu wakapiga kelele avue. Albano akamtazama mjumbe, mjumbe akatazama chini. Akafungua vifungo taratibu, akageuka. Kovu lilikuwa pale pale, limepinda vile vile.

Loh! Uani kulilipuka. Wanawake wakavuta watoto, mmoja akaanza kusoma dua kwa sauti, na kijana mmoja akainama akalishika lile dumu. Raudha alikuwa kwenye mkeka, bega kwa bega na mama yake. Alijua akifungua mdomo amekwisha: jina lake, la mama yake, kila kitu. Na alijua asipofungua, yule mtu atachomwa moto mbele ya macho yake.

"Binti Kiza ni mie!" akapiga kelele, akasimama. "Ni mie Raudha! Mie ndiye niliyeandika!"

Kijana akabaki ameinama na dumu mkononi.

"Kila kitu nimekichukua kwake. Macho, mikono, magunia. Ni mtu wa kawaida, nikamgeuza mimi."

"Na kovu?" Flaviana akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa na utamu fulani. "Kovu la mgongoni ulilionea wapi, mwanangu?"

Raudha alisikia pumzi ya mama yake.

"Nilimvua shati," akasema. "Nyumbani kwake. Aliumia, nikamfunga kwa mikono yangu hii. Na baada ya hapo nilikwenda tena. Na tena. Nampenda."

Khaa! Ungewaona. Mnyonya damu akasahaulika kama hakuwahi kuzaliwa. Binti wa Bi Somoe! Yule wa ushungi! Kwa Mmakonde! Minong'ono ikazunguka mikeka, na hata yule kijana akaliachia dumu ili asikie vizuri. Clara alijitokeza nyuma ya mama yake akamnong'oneza jambo sikioni, jambo la kike, la hedhi inayomtoka kupita kiasi, ambalo miezi mitatu hiyo aliona aibu kulisema, na Kokushubila akafunika uso kwa khanga akasema, "Mungu wangu, kwa nini hukuniambia?" Hakuna aliyemsikiliza. Mzee Kasimiri akapata mwanya. Akaamuru dumu litolewe uani kwake, akafunga kikao.

Bi Somoe aliinuka polepole. Raudha alingoja kofi, alingoja tusi, angeshukuru kwa lolote kati ya hayo. Mama yake alikung'uta mkeka, akaukunja, akaondoka bila kumtazama.

Raudha akamfuata Albano hadi nyuma ya uwanja. Alimkuta kwenye kizingiti, bado anafunga vifungo, na kimoja kilikuwa kimekatika.

"Nisamehe," akamwambia.

"Umeniokoa. Asante."

"Usiniambie asante. Mimi ndiye niliyewaleta."

"Najua." Albano akaketi. "Clara alinisomea. Tangu mwanzo. Alikuwa akija kuokota kuni na simu ya mama yake, anasoma kwa sauti, wenzake wanacheka. Sehemu ya pili tu nikajijua. Nikajua na nani kaandika, maana hakuna mwingine anayelijua kovu hilo."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Nilifurahi." Alisema hivyo akitazama viganja vyake. "Nilisema kumbe ananipenda hivi, mwanamke huyu! Nikawa nangoja Jumanne na Ijumaa kama wao. Na Clara ananisomea na maoni. Mama yako anasema angempa binti yake leo leo. Nilicheka siku ile mpaka nikaacha patasi."

Raudha akapiga magoti mbele yake, hakujali nani anapita. "Mtume mjomba," akasema. "Mtume kesho. Mama atakuja juu, mwache aje juu. Sijali tena."

Albano akamwinua, akamketisha kando yake.

"Nikawa nasubiri uandike sehemu moja," akasema, "ambayo Zamil anaamka asubuhi anakuta amekuwa mtu. Anatoka nje, anamsalimia mama wa Nasra, anaitikiwa. Basi. Nikasema akiandika hiyo, najua yuko tayari, nampigia mjomba. Ijumaa ikapita, Jumanne ikapita. Ukamwongezea meno." Akamtazama, na macho yale mekundu yalikuwa na maji. "Mie ni mtu, Raudha. Kwenye maneno yote yale, hukupata mahali pa kuniandika mtu?"

Raudha alifungua mdomo. Alikuwa amemwandikia Nasra majibu mazuri mangapi, majibu ya kuwaliza wanawake wa mtaa mzima, na sasa hakupata hata moja lililo lake. Albano akasubiri. Akasubiri sana, kwa kweli, kuliko alivyostahili kusubirishwa. Kisha akainuka, akaanza kuyatoa magunia madirishani, moja moja, akiyakunja na kuyaweka pamoja na vitu vyake vya safari.