Watoto Kumi na Mmoja wa Katekista Mwanza

"Mama Phébé, mbona masikio ya binti yako na ya mchumba wake iko namna moja?"

Mama Mulanga, jirani, aliuliza hivyo sokoni huku akipima chumvi, bila ubaya wowote.

"Masikio ni masikio," Léa, mama yake Phébé, akamjibu. "Ya kwako inafanana na ya mbuzi, na hakuna mtu anasema muko ndugu."

Mama Mulanga alicheka mpaka chumvi ikamwagika. Lakini Léa alirudi nyumbani na lile swali kama mtu aliyeingiwa na mchanga kiatuni. Jumapili, katika misa, alitazama vizuri. Kweli, masikio ya Urbain, mchumba wa Phébé, yalisimama mbali na kichwa, sawa na ya Phébé, sawa na ya marehemu Kitwa, baba yake Phébé. Na siku ile padri alisoma matangazo ya ndoa yao mara ya pili: mwenye kujua kizuizi aseme. Ilibaki mara moja tu. Léa hakuwahi kukosa misa ya asubuhi tangu afiwe, hata mvua ikinyesha, ila siku hiyo alimaliza Baba Yetu bila kujua amesema nini.

Jumatatu akaenda parokia, kwa karani Amédée, mtunzaji wa vitabu vya ubatizo vya zamani. Vililetwa Kamina kwa treni kutoka misioni ya kwanza, na vilinuka panya na moshi.

"Unatafuta nani, mama?"

"Bwana yangu, Kitwa. Alibatizwa Pasaka ya 1921."

Kidole cha karani kikashuka polepole. "Njo huyu. Kitwa, myaka munane, mutoto wa Mwanza." Kikashuka tena mistari mitatu, kikasimama chenyewe. "Mwila, myaka munane, mutoto wa Mwanza."

Mwila alikuwa mama yake Urbain.

"Mama," Amédée alisema kwa sauti ya chini, "kama baba iko moja, batoto yao ni ndugu. Padri hawezi kufungisha ile ndoa."

"Na sisi Baluba, hata padri akikubali, hatuwezi."

Karani akataka kufunga kitabu. Léa akaweka kiganja juu ya ukurasa. "Ngoja kwanza."

Alikuwa amesoma kwa masista mpaka mwaka wa tatu, na majina yalimtosha. Akayapitia kama anavyochagua maharage, moja moja. Kumi na moja, wote siku moja. Wote miaka saba au minane. Wote watoto wa Mwanza. Mahali pa mama palichorwa mstari mtupu.

"Huyu Mwanza alikuwa na bibi ngapi?"

"Eh, mama! Alikuwa katekista!"

"Basi ni mwanamuke gani anazala batoto kumi na moja mu myaka mbili? Hata panya inapumzikaka."

Amédée akacheka, kisha akakumbuka. Wazee walimsimulia kwamba baada ya ile homa kubwa ya mafua iliyomaliza vijiji, katekista mmoja alizunguka akikusanya watoto waliobaki peke yao. Siku ya ubatizo, kila padri alipouliza baba wa mtoto huyu ni nani, katekista alijibu: mimi. Hakutaka hata mmoja aandikwe bila baba.

Ndiyo maana Kitwa, alipoulizwa ukoo, alisema tu, "Miye ni wa Mwanza," akaendelea kula.

"Lakini kati ya kumi na moja, babili banaweza kutoka kwa mama moja," Léa alisema. "Kitabu haijue. Nani anajua?"

"Mwenye alikuwa pale."

Huyo ni Mwila, na hapo palikuwa pagumu. Mwila alijulikana kote kuwa binti wa chefu, mtawala wa jadi, kutoka upande wa Kabondo-Dianda. Siku ya kupatana mahari yeye alikaa kwenye kiti, wengine mkekani.

Kesho yake asubuhi Léa alimkuta akianika mihogo. Kwanza alimtazama masikio: madogo, yamelala. Basi yale ya Urbain hayakutoka kwa mama yake. Akafungua karatasi aliyonakilia majina ya kitabuni.

"Mama Urbain, sikuja kukuaibisha. Nasoma tu majina."

Akasoma. Alipofika kwa Kitwa, mikono ya Mwila ilisimama ndani ya mihogo.

"Ule alikuwa analala mwisho wa mukeka," Mwila alisema bila kuinua macho. "Miye nilifika kwa katekista peke yangu, nyuma ya mvua kuisha. Mama yangu alibakia mu njia. Yeye nilimukuta pale na dada yake, mwenye alikufa. Alikata tonge ya bukari yake, akanipa nikule."

"Hamuko ba tumbo moja?"

"Hapana."

"Utasema vile mbele ya padri, kwa jina la Mungu?"

Mwila alikitazama kiti chake pale mlangoni. Akisema, parokia nzima itajua kwamba hakukuwa na chefu. Asiposema, Phébé na Urbain wameachana. Léa hakumsukuma. Aliikunja karatasi, akangoja.

"Na baba yangu," Mwila aliuliza mwishowe, "kitabu inasema ni nani?"

"Mwanza."

Mwila alilirudia jina lile kwa midomo tu. Akapangusa unga wa mihogo mikononi, akafunga kitambaa kichwani, akampita Léa, akashika njia ya parokia.