Kocha wa Chumba Namba Tisa

Kioko alikuwa amelinda geti moja la Lusail, huko Qatar, miaka miwili, na kulinda kwenyewe kulikuwa ni kukaa. Lori la mchanga linakuja, anaandika namba, anainua chuma cha geti, lori linapita. La kokoto likija, ni hivyo hivyo. Jiji jipya lilikuwa linajengwa huko mbele, lakini yeye aliona vumbi lake tu. Masaa kumi na mbili kwa siku bila mtu wa kupiga naye stori, mpaka ikafika siku akajikuta anagombana na feni, anaiuliza kwa nini inapuliza upande ule badala ya huu. Akanyamaza, akaangalia nyuma kama kuna mtu amemsikia. Hakukuwa na mtu. Hiyo ndiyo ilimuuma zaidi.

Basi Athanas akaja kwenye kambi ya walinzi na habari. Athanas ndiye alikuwa supervisor wao, Mganda mfupi anayetembea kama mtu aliyeachwa na basi. Akasema kampuni imepata kazi kwenye bustani mpya ya michezo, ile yenye pembea za umeme na treni za kugeuza watu kichwa chini, na itafunguliwa joto likipungua. Walinzi wanaotakiwa ni ishirini. Watajaribiwa siku tatu, masaa kumi na mbili kila siku, wakiwa wamesimama. Hakuna kukaa, hakuna kuegemea, hakuna kuchuchumaa. Atakayeshindwa anarudi alikotoka. Wiki tatu ziko, kila mtu atengeneze mwili wake vile anajua.

Kioko alijiandikisha kabla Athanas hajamaliza kuongea. Alikuwa anawaza watoto wanapiga kelele, akina mama na vigari vyao, watu wanamuuliza choo kiko wapi. Alitaka kuulizwa choo kiko wapi hata mara mia kwa siku. Shida ilikuwa miguu. Miaka miwili ya kukaa ilikuwa imemlegeza, akipanda ngazi za kambi tu magoti yanalalamika.

Sasa, chumba chao, namba tisa, kilikuwa na Kiprono. Kiprono alitoka Kericho, mrefu, mwembamba, maneno machache, na Mkalenjin, wale watu wanaosifika kwa mbio. Hayo yalitosha. Siku aliyofika, Cyrus, jamaa wa Kakamega anayejua kila kitu, alimuuliza yeye ni wa mbio fupi ama ndefu, na Kiprono akacheka kidogo tu. Chumba kizima kikaamua huyu ni bingwa na hapendi kujionyesha. Wakampa kitanda cha chini, kile kinachopulizwa na AC moja kwa moja, ambacho Philipo alikuwa amekingojea miezi minane na kukihamia juzi tu. Kioko mwenyewe ndiye alibeba godoro la Philipo akalirudisha juu. Wakaanza kumwita Kocha. Hakukubali, hakukataa.

Kwa hivyo ile jioni ya tangazo walimwendea wote watano waliojiandikisha, wakamwomba awafundishe. Kiprono naye alikuwa amejiandikisha. Aliangalia kitanda chake, akaangalia AC, akasema sawa, kesho alfajiri.

Walikimbia nyuma ya kambi, pale malori yanapolala. Ilikuwa Septemba, na hata kabla jua halijatoka hewa ilikuwa nzito kama ya ndani ya sufuria iliyofunikwa. Kiprono alisimama katikati na filimbi, anapima saa na simu. Alisema kocha hakimbii na wanafunzi, kazi yake ni kuangalia miguu yao. Wakaona hiyo ni akili. Raundi nane, kisha kumi, kisha kumi na mbili. Kioko alikimbia na raba za Cyrus zilizokuwa zinambana. Siku ya kwanza alitapika nyuma ya lori. Wiki ya pili ukucha wa kidole gumba ulikuwa umegeuka mweusi na mifupa ya mbele ya miguu inawaka moto. Kutoka hapo ni moja kwa moja Lusail, anakaa mchana kutwa miguu ikivimba. Hakuna siku aliruka. Alijiambia maumivu ndiyo nguvu inaingia.

Ijumaa moja, siku ya mapumziko huko, ibada ya kanisani ilipoisha, Nasimiyu alimwona anavyokanyaga. Nasimiyu alikuwa dada wa Bungoma anayeuza manukato kwenye duka moja Al Sadd. Yeye husimama masaa kumi kila siku, na kutabasamu juu yake. Alimuuliza amegongwa na nini. Kioko akamweleza kwa kujivuna kidogo: bustani, majaribio, Kocha, raundi kumi na mbili.

"Na huko bustanini mtakuwa mnakimbiza nani?" Nasimiyu akauliza.

Kioko akasema ni mambo ya pumzi.

"Kusimama hakutaki pumzi, Kioko. Kunataka nyayo. Mimi wiki ya kwanza nililia kwa stoo. Vaa sasa hivyo viatu vya kazi mlivyopewa, usimame navyo chumbani lisaa limoja, kesho mawili, mpaka vikuzoee. Usiukaze mguu, badilisha uzito polepole. Na hizo mbio uache leo."

Kioko alimshukuru vizuri, lakini akamwambia, "Sisi tuko na Mkalenjin, dada." Kama vile hapo mjadala umefungwa. Nasimiyu alimtazama kidogo, akaenda kusalimia watu wengine. Na Kioko akabaki anajiambia huyu ni mtu wa marashi, anajua nini kuhusu miguu.

Majaribio yakafika. Kioko aliwekwa mbele ya pembea kubwa ambayo mafundi walikuwa wanaizungusha bila watu, viti vitupu vinapanda na kushuka mchana kutwa. Alivaa viatu vipya vya kampuni, alivyopewa siku ya kujiandikisha lakini vikatoka kwenye mfuko asubuhi hiyo hiyo. Siku ya kwanza alimaliza. Jioni soksi zilikuwa zimeshikana na ngozi, akazivua kwa maji. Siku ya pili maumivu yalipanda mpaka kiunoni. Cyrus aliegemea nguzo saa nane mchana, akafutwa jina. Philipo alichuchumaa akijifanya anafunga kamba, akafutwa. Wale wengine wawili hawakufika hata saa tisa. Kule kwenye treni ndogo ya watoto, Kiprono alikuwa amesimama tu, anahamisha uzito mguu huu, mguu ule, polepole, kama ng'ombe anayecheua. Kioko alimwangalia akawaza, hiyo ndiyo faida ya mbio.

Siku ya tatu, saa kumi jioni, yakiwa yamebaki masaa mawili tu, Kioko alisikia ukucha unaachana na kidole ndani ya kiatu. Kukawa na majimaji. Hakukaa. Hakuegemea. Alivua kile kiatu kimoja tu, akasema ni dakika moja. Dakika ilipoisha, mguu ukakataa kurudi ndani. Alisukuma, akavuta, akatukana kwa Kikamba. Athanas akatokea na karatasi yake.

"Kioko, kiatu."

"Nimesimama, supervisor. Hukusema kitu kuhusu viatu."

"Mama anakuja hapa na mtoto, anakuta askari ameshika kiatu, soksi ina damu. Huyo mtoto atapanda?"

Athanas akapitisha kalamu juu ya jina la Kioko, wala hakuwa na hasira. Akamwambia sasa anaweza kukaa. Kioko alikataa kukaa. Alimaliza masaa yale mawili kwa mguu mmoja wa kiatu na mmoja wa soksi, bure kabisa, kwa kisirani tu.

Kwenye basi la kurudi kambini, Kiprono, ambaye ndiye pekee wa namba tisa aliyepita, alikuja kukaa karibu naye. Kioko aliona mashavu yake makavu, suruali haina hata mkunjo, na wazo likamgonga.

"Niambie ukweli. Umewahi kukimbia mashindano gani?"

Kiprono akaangalia dirishani. "Hakuna."

"Hata ya shule?"

"Nilikuwa nakimbiza ng'ombe zikiingia kwa majani chai ya watu."

Kioko akauliza basi huko kwao alikuwa anafanya nini. Kiprono akasema alikuwa anapima majani chai, pale wakulima wanaleta magunia. Miaka sita, juu ya saruji, kutoka asubuhi mpaka lori la mwisho liondoke. Kiti hakikuwepo.

"Na ukanyamaza. Ukatupuliza filimbi."

"Mliniambia mimi ni nani kabla sijaweka begi chini," Kiprono akasema kwa sauti ndogo. "Na kile kitanda. Mimi sijawahi kupewa kitu na watu namna ile."

"Ungeniambia nisimame tu, ningesimama."

"Ungeniamini?"

Kioko alitaka kumpiga. Ngumi aliikunja kabisa. Lakini akakumbuka Nasimiyu alimwambia maneno hayo hayo bila kuficha, naye akamjibu kwa kabila la mtu mwingine. Ngumi ikakosa pa kwenda. Akabaki ameishika juu ya goti mpaka kambini.

Jumatatu alikuwa Lusail, anainua chuma.

Wiki moja baadaye Athanas akatangaza kwamba kati ya wale ishirini, wanne wameacha, na majaribio mengine yako mwezi ujao. Jioni hiyo hiyo Cyrus alisimama katikati ya chumba akatoa sababu ya wao kushindwa: raundi zilikuwa chache. Ushahidi ni Kocha mwenyewe, si amepita bila jasho? Safari hii ni raundi kumi na tano. Kioko akawaambia wazi, mbele ya Kiprono, kwamba huyu hajawahi kukimbia maisha yake yote, na kwamba mbio ndizo zilizowamaliza miguu.

"Huo ni uchungu wa kushindwa, buda," Cyrus akamwambia.

Wakamgeukia Kiprono. Kiprono akashuka kitandani, akasimama, jasho likimtoka hata chini ya AC, akasema, "Kioko anasema kweli. Mimi si mtu wa mbio."

Philipo akatikisa kichwa kwa heshima. "Mnaona vile watu wa mbio wako? Hata amepita, bado ananyenyekea."

Wakacheka, wakamgonga Kiprono mgongoni, wakakubaliana saa kumi na moja alfajiri.

Alfajiri walitoka wakaacha mlango wazi. Kioko akafunga kidole chake na kitambaa, akavaa viatu vya kampuni, akasimama katikati ya vitanda. Huko nje walikuwa wanahesabu raundi wenyewe, kwa kelele, na humu ndani Kiprono amejifunika blanketi mpaka kichwani. Dakika ya ishirini nyayo zilianza kuchoma. Dakika ya arobaini alikuwa anawatukana wote, mmoja mmoja kwa jina, na hakusahau kujitaja. Akahamisha uzito mguu huu, akahamisha mguu ule, akaangalia saa. Bado dakika ishirini.